Homa Uliyompa Kaka Yako

Nekesa mwanangu,

Huko nje wanawake wa kanisa wanachambua mchele wa kesho na kukusengenya kwa upendo. Wameshakubaliana kwamba umekonda, kwamba fundi alikosea kiuno cha gauni, na kwamba Barasa ana bahati ambayo hajui ataifanyia nini. Nimewaachia jiko, nikasingizia kichwa, nikajifungia chumbani. Kichwa hakiniumi. Nina hasira, na afadhali uisome kuliko uisikie mbele ya wageni.

Sitakuandikia habari za kuamka mapema, wala za kumwamkia mama mkwe, wala ugali ukae motoni kwa muda gani. Senge Roselida amekufundisha hayo wiki nzima, na dada ya baba yako akishaanza kufundisha hakuna anayebaki na neno. Nilimsikia juzi akikuambia mke mwema ana masikio mawili na mdomo nusu. Yeye mwenyewe ana midomo mitatu na ameachika mara mbili, kwa hiyo pima.

Ninataka tuzungumze juu ya Jumamosi, siku ya mahari.

Unakumbuka walivyokaa, watu wa Barasa kutoka Ndalu upande wa dirisha, watu wetu upande wa mlango, na katikati meza imejaa soda kana kwamba kiu ndiyo iliyowaleta. Yule mzee wao mwenye kofia ya manyoya akakohoa, akanyamazisha vijana, akauliza lile swali ambalo wazee wetu wamekuwa wakiuliza tangu zamani kabla ya kutoa binti au kuchukua binti.

"Sisi tunauliza tu kwa wema. Hii nyumba, kuna ugonjwa wa ukoo? Kifafa? Wazimu? Watu ya kulogana?"

Baba yako mdogo Wekesa akainuka. Huyo akipata watu zaidi ya wanne huwa anainuka. Akataja baba yake, na baba ya baba yake, na baba ya huyo, mpaka akafika kwa mtu ambaye nadhani alimtunga palepale. "Huu ukoo ni safi, bana," akasema. "Sisi hata meno hatuumwi!" Watu wakacheka, mzee akatikisa kofia, shughuli ikaisha. Wakahamia kwenye ng'ombe.

Mimi nilikuwa nimesimama palepale na sinia mkononi. Nimefanya kazi ya magonjwa ya kurithi ya misuli na neva tangu ukiwa darasa la kwanza. Nimesimama mbele ya maprofesa nikieleza jinsi ugonjwa unavyoshuka kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Ndani ya ile sebule nilikuwa mtu pekee aliyelisomea lile swali, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Mimi ni mke wa watu. Nilikotoka hakuulizwi, kwa sababu kwao ukoo ni wanaume, na mama ni mlango tu ambao watoto wamepitia. Waliuliza swali zuri kabisa kwenye nyumba isiyohusika, wakapata jibu la uongo ambalo hata mjibuji hakujua kwamba ni la uongo. Niliwadharau wote, nikawamiminia soda.

Hilo ningelimeza. Umeniomba ninyamaze, nikakubali. Ulipotoka Nairobi na majibu yako ya damu, ukaketi kwenye kile kiti cha jikoni na kuniambia, "Mama, ninayo," nilikuahidi kwamba kumwambia Barasa ni kazi yako na sitakuingilia. Ahadi hiyo ipo. Lakini baadaye kidogo, wazee wakiwa kwenye ng'ombe wao, Barasa alisimama chini ya picha ukutani, akauliza, "Huyu ni nani?" Nilikuwa nyuma ya pazia nikipanga vikombe. Nikakusikia ukijibu.

"Ni kaka yangu. Alikufa na homa."

Homa! Wafula, aliyeishi miaka kumi na saba akipoteza mwili wake kipande kwa kipande, kwanza ngazi, kisha kutembea, kisha kuinua kijiko, mpaka misuli ya kifua ikachoka kuvuta pumzi, wewe umempa homa. Ulimsukuma kwenye kiti cha magurudumu kwenda shule, ukapigana na wavulana waliomwita kiwete. Halafu mwanamume mmoja mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo anauliza swali la kawaida, na unamzika kaka yako mara ya pili. Sijakudharau siku yoyote ya maisha yako isipokuwa hiyo. Nimeandika, na sifuti.

Sasa nikishakukaripia, lazima nikuambie ulikojifunza. Ulijifunza kwangu.

Jioni kama hii, kabla sijaolewa na baba yako, mama yangu aliniita pembeni. Nilidhani ananipa baraka. Akaniambia, "Huko unaenda, mambo ya wajomba zako usitaje." Walikuwa wawili, ndugu zake, na wote walikufa vijana bila kutembea. Nyumbani tulisema walilogwa kwa sababu ya shamba. Na mimi, Nekesa, nilikuwa daktari tayari. Nilikuwa nimekaa darasani nikaandika kwa mkono wangu kwamba kuna ugonjwa wa kudhoofika misuli ambao mama huubeba bila kuumwa na mtoto wa kiume ndiye anayeumia. Nilifaulu mtihani huo vizuri sana. Halafu nikarudi kwetu nikawaacha wajomba zangu kwenye uchawi, maana ugonjwa wa vitabuni ni wa watu wengine. Msomi anaweza kuwa mpumbavu kwa namna ambayo asiyesoma hawezi, kwa sababu hakuna anayethubutu kumwambia.

Nilimtii mama yangu. Baba yako hakujua lolote.

Wafula alipozaliwa alikuwa mzito na mcheshi. Alichelewa kutembea, tukasema ni mnono. Alipofika miaka mitatu alikuwa na mashavu ya miguu makubwa, magumu, na baba yako akampitisha kwa majirani wote hapa Kitale akisema, "Angalia hii miguu! Huyu ni wa mpira." Nami nikacheka nikafurahi. Mtoto wa watu akiletwa kwangu hospitalini na miguu kama hiyo, ningejua kabla hajavua viatu. Wa kwangu nilimnunulia mpira.

Wakati huohuo nilikuwa ninaanza utafiti. Nilikuwa natembea vijijini kutafuta familia zenye watoto wanaodhoofika, na nikifika kwenye boma nilifanya kama yule mzee wa kofia. Niliomba mzee wa nyumba anieleze ukoo. Mzee alinitajia mababu, mimi nachora, yeye anataja, mimi nachora. Wanawake walikuwa kwenye mchoro wangu kama "mke wa fulani", bila baba, bila mama, bila dada. Nikawa na familia moja Kabuchai, nyingine viungani mwa mji wa Bungoma, na nyingine kule juu Suam, karibu na mpaka. Nikaandika kwamba ni familia tatu zisizohusiana. Wakubwa zangu walisifu. Walisema ni jambo la kushangaza, ugonjwa adimu kuzuka mara tatu katika eneo dogo. Kulikuwa na wageni kutoka ng'ambo waliokuja na gari refu, wakachukua damu na vipande vya nyama ya mapaja ya watoto, wakaondoka wakiwa wameshangaa vilevile. Wale watoto walibaki na kovu na fulana za bure.

Kisha yule mtoto wa Kabuchai akafa, nikaenda mazishini. Nilikaa na akina mama. Mara nikaona wanawake wawili wanaingia kwenye boma wakilia, kila mmoja amebeba mgongoni mvulana mkubwa, wa umri wa kukimbia na kuchunga, miguu inaning'inia. Mama mfiwa akainuka akawapokea, wakashikana watatu. Nilimtambua mmoja. Alikuwa mama wa Suam. Yule wa pili alikuwa wa Bungoma.

Nikamvuta kando yule wa Suam. "Nyinyi mnajuana?"

"Si sisi ni wa tumbo moja, daktari."

"Na mbona hukuniambia una dada hapa Kabuchai?"

Alinitazama kwa uchovu. "Hukuniuliza. Uliuliza mzee wangu, na mzee akakuambia watu wake."

Familia zangu tatu za kushangaza zilikuwa dada watatu walioolewa. Mtu yeyote aliyekuwa amepika nao chai angelijua hilo. Nilirudi Kitale nimejidharau hivi kwamba sikuweza hata kuwasha redio garini. Nikawa nafikiria jinsi nitakavyosahihisha michoro, na nikawa naona aibu ya wakubwa zangu kujua. Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu nilipofungua mlango wa nyumba hii.

Wafula alikuwa ameketi kwenye mkeka. Akaniona, akataka kunijia. Akageuka akapiga magoti, akainua makalio, akaweka mikono juu ya magoti yake, kisha juu ya mapaja, akajipanda mwenyewe hivyo, mkono baada ya mkono, mpaka akasimama. Akanikimbilia akicheka, kifua mbele na tumbo limetoka. Nilikuwa nimemwona akiinuka hivyo tangu miezi mingi. Nilikuwa nikimwita mzee wangu. Siku hiyo nikaona ninachokiona kwa watoto wa watu, na nikakumbuka wajomba zangu wawili, na mkoba ukaanguka sakafuni.

Wewe ulikuwa ndani, unafanya hesabu za shule. Ulitoka kuuliza kimeanguka nini.

Nilimwambia baba yako jioni ileile. Nilimweleza vizuri, kwa sauti yangu ya hospitali: ugonjwa, njia yake, kwamba nimeutoa kwangu, kwamba na wewe unaweza kuwa umeubeba, nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Alisikiliza yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, hata kwa kofi. Aliuliza jambo moja.

"Hao wajomba zako, ulikuwa unajua wakati tunaoana?"

"Nilikuwa najua walikufa bila kutembea."

"Na ukanyamaza."

Akainuka akaenda kulala kitanda kimoja na Wafula, na akalala huko mpaka mvua zikaisha. Hakuniacha. Ndugu zake walimshauri aoe mwingine, akawafukuza kwa maneno ambayo sitayaandika. Alimbeba Wafula miaka yote, mpaka mgongo wake ukapinda. Lakini katika ndoa yetu kuna chumba ambacho tangu jioni ile hajaniruhusu kuingia, na sijawahi kumlaumu. Ugonjwa alinisamehe mara moja, maana haukuwa kosa la mtu. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kwangu.

Ndugu zake hao hao, sasa, ndio walioleta nabii. Unakumbuka, wa kanzu ya zambarau, aliyekula kuku mzima kabla ya kupata ufunuo. Akasema jina la Wafula ni la babu aliyekufa na kinyongo, na babu huyo ndiye anayemvuta mtoto miguu. Libadilishwe, awe Emmanuel. Kwetu kumpa mtoto jina la marehemu ni kumrudisha nyumbani, kwa hiyo watu walitetemeka kweli, hata wenye digrii. Wakamwagia maji, wakaimba. Kaka yako akawangoja wamalize, akauliza, "Kwa hivyo sasa Emmanuel ndiye atatembea, ama mnisukume tu?"

Na ulipofika msimu wa tohara, wenzake wakizunguka na njuga kualika wajomba, baba yako mdogo Wekesa, yuleyule asiyeumwa meno, alisema mbele yake kwamba mwanamume wa Kibukusu husimama wima kisuni hata asipepese, na huyu atasimama na nini? Tukampeleka hospitali, akatahiriwa amelala. Wekesa hakuja kumpa hata kuku. Wafula aliniambia, "Mama, yeye alisimama siku moja. Baada ya hapo amefanya nini tena?" Nilicheka mpaka nikalia. Nakuandikia haya kwa sababu huyo ndiye uliyempa homa. Alikuwa na ulimi mkali kuliko wewe, na kunipita mimi, na alikufa akiwa na akili zake zote.

Najua sababu zako. Unasema Barasa atakimbia. Huenda. Unasema mama yake atakuita mwenye mkosi, kama walivyoniita mimi. Hiyo si huenda, hiyo ni hakika, na utaizoea. Senge Roselida amekushauri, nimesikia, ati mwanamume huambiwa baada ya mtoto wa pili. Huyo huyo ana leso iliyoandikwa "Mficha maradhi kifo humuumbua", anaivaa kila Jumapili, nadhani hajaisoma.

Sikuambii ujitangaze. Yule mzee wa kofia hana haki na damu yako, wala kanisa, wala Wekesa. Hao wanyime, na uwanyime kwa raha. Barasa ana haki. Huyo ndiye atakayeamka nawe mtoto akichelewa kutembea. Siku hizi kuna mambo ambayo sisi hatukuwa nayo: mtoto anaweza kupimwa mapema, kuna dawa za kupunguza kasi ya ugonjwa, kuna mazoezi, na kuna watu wanaoamua kabisa kuzaa ama kutozaa wakiwa wameketi wawili na ukweli mezani. Lakini yote yanahitaji wawili. Ukimficha, utakuwa unamtazama kila mtoto wa kiume akiinuka kutoka sakafuni, peke yako, na mumeo hapo kando anasifu miguu. Mimi najua upweke huo ulivyo hata kabla hujaanza.

Barasa simpendi sana, unajua. Anacheka kwa kila kitu na anasema "sina neno" hata mahali ambapo mtu mzima angekuwa na neno. Lakini Jumamosi, kati ya watu wote wale waliokuja kuchunguza ukoo, yeye peke yake ndiye aliyeitazama ile picha akauliza. Mtu aliyeuliza anastahili kujibiwa. Kanisa ni kesho saa nne asubuhi. Simu yake iko wazi na Ndalu si mbali. Akiondoka baada ya kusikia, huu mchele utaliwa na wale wanawake, watatusengenya mpaka Krismasi, nami nitakaa nawe jikoni. Afadhali aondoke leo akiwa amekusikia kuliko akae miaka thelathini bila kukuamini.

Jambo la mwisho. Jumapili tukiosha vyombo uliniuliza kama ningejua yote mapema, ningemzaa Wafula. Nikakuambia ukaushe sahani. Nilikuwa naogopa nikijibu ndiyo utadhani nakusukuma uzae, na nikijibu hapana nitakuwa nimemkana kama ulivyomkana wewe. Nimeketi hapa tangu wanawake waanze kuchambua mchele nikitafuta jibu la daktari, na silo nililo nalo.

Ningemzaa, Nekesa. Ningemzaa tena na miguu yake ile ile. Lakini ningemwambia baba yako kwanza, ili tuwe wawili tangu siku ya kwanza.

Mama yako